ARDHI HAIPIGI KURA
Fundisho la chaguzi za Seneti katika majimbo ya Marekani



Tunapozungumza juu ya uchaguzi wa haki, mawazo yetu hukimbilia siku yenyewe ya kupiga kura. Tunafikiria sanduku lililofungwa kwa lakiri, wino kwenye kidole, mawakala wa vyama na matokeo yaliyobandikwa mlangoni mwa kituo. Hayo yote ni ya lazima, na hatuna budi kuendelea kuyadai. Lakini ipo dhuluma inayoweza kutendeka hata pale ambapo hakuna mkono uliogusa sanduku na hesabu yote ni sahihi. Dhuluma hiyo hutendwa miaka mingi kabla ya siku ya kura, ofisini, kwa ramani na kalamu. Siku ya uchaguzi ikifika, mwananchi hupanga foleni kwa amani, hupiga kura yake na kurudi nyumbani akiwa ameridhika, wala hajui kwamba kura yake imepimwa kwa kibaba kidogo na ya jirani yake kwa debe.

Ili tuione vizuri dhuluma ya namna hii, tumeona inafaa tuitazame mahali ilipofunuliwa mbele ya mahakama, ikapewa hesabu na kuhukumiwa, yaani katika chaguzi za Seneti za majimbo ya Marekani. Ni habari ya nchi ya mbali, lakini swali lililo ndani yake ni la kila nchi: je, binadamu mmoja ana thamani sawa na mwenzake anapokuwa mbele ya sanduku la kura?

1. Baraza lisilotazamwa na wengi

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina Katiba yake, gavana wake na Bunge lake. Katika majimbo 49 Bunge hilo lina mabaraza mawili, na lile la juu huitwa Seneti. Ni Nebraska peke yake iliyoamua kwa kura ya wananchi mwaka 1934 kuwa na baraza moja tu, nalo likaanza kazi mwaka 1937. Seneti hizi za majimbo tusizichanganye na Seneti ya taifa iliyoko Washington. Hizi ni za nyumbani. Zinatunga sheria za shule, magereza, hospitali, kodi za jimbo na uchaguzi. Kwa kawaida huthibitisha maofisa wanaoteuliwa na gavana, na karibu kila mahali ndizo zinazomhukumu gavana anaposhtakiwa na Bunge. Tarehe 29 Januari 2009 Seneti ya Illinois ilimwondoa madarakani Gavana Rod Blagojevich kwa kura 59 bila hata moja ya kupinga.

Pamoja na uzito huo wote, ni baraza lisilotazamwa na wengi. Watu humjua rais na hubishana juu yake usiku kucha, lakini ni wachache wanaoweza kumtaja seneta wao wa jimbo. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaye mfano tunaoweza kuukumbuka kwa urahisi. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, hakuanzia Ikulu ya Washington. Alianzia Seneti ya Illinois, akiuwakilisha upande wa kusini wa jiji la Chicago tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004. Katika uchaguzi wa awali ndani ya chama chake mwaka 1996, saini za wadhamini wa wapinzani wake zilipingwa mbele ya tume ya uchaguzi, wapinzani wote wakaondolewa katika karatasi ya kura, na wapiga kura wakakuta jina moja tu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo habari hiyo inatuonyesha jinsi mambo makubwa yanavyoamuliwa mapema katika chaguzi ambazo macho ya watu hayapo. Penye giza, hata kazi halali haionekani vizuri, sembuse hila.

2. Mnyama wa Massachusetts

Hila hiyo si ya jana. Mwaka 1812, katika jimbo la Massachusetts, chama kilichokuwa kikitawala kilichora upya maeneo ya kuchagua Seneti ya jimbo. Gavana Elbridge Gerry aliitia sahihi sheria hiyo. Eneo moja katika wilaya ya Essex lilipindwapindwa kwa namna ambayo gazeti moja la Boston liliichora ramani yake kama mnyama wa hadithi mwenye mabawa na makucha, likaunganisha jina la gavana na jina la yule mnyama afananaye na mjusi aitwaye salamanda. Neno lililozaliwa siku ile linatumika katika Kiingereza mpaka leo kwa maana ya kuchora mipaka ya uchaguzi kwa hila.

Tuangalie matokeo yake. Katika uchaguzi wa mwaka huohuo, chama cha gavana kilipata kura chache kuliko wapinzani wake katika jimbo zima, lakini kikatwaa viti 29 kati ya 40 vya Seneti. Ndugu Gerry mwenyewe alishindwa katika uchaguzi wa ugavana mwaka uleule, kwa sababu katika kumchagua gavana mipaka haihusiki: kura zote za jimbo huhesabiwa pamoja. Hapo ndipo tunapoona jambo lote kwa uwazi. Wananchi walewale, mwaka uleule, walisema neno moja. Waliposikilizwa kwa pamoja walieleweka, na waliposikilizwa kwa kupitia ramani waligeuziwa maneno yao.

3. Hesabu ya Alabama

Hila ya Massachusetts ilitendwa kwa kalamu. Alabama ilitenda dhuluma kubwa zaidi kwa kuiacha kalamu imelala. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1901 iliagiza kwamba viti vya Bunge vigawanywe upya kila baada ya miaka 10 kwa kufuata sensa. Bunge halikufanya hivyo kwa miaka 60. Watu walihama mashamba wakaenda kwenye viwanda vya chuma vya Birmingham, miji ikajaa, lakini viti vilibaki palepale vilipowekwa kwa sensa ya mwaka 1900. Kwa nini? Kwa sababu wale waliopaswa kubadili mgawanyo ndio walionufaika nao. Hakuna mwamuzi asiyejipendelea akiwa mchezaji.

Kufikia sensa ya mwaka 1960 hali ilikuwa hivi. Kaunti ya Jefferson, uliko mji wa Birmingham, ilikuwa na watu 634,864 na seneta mmoja. Kaunti ya Lowndes ilikuwa na watu 15,417, nayo ilikuwa na seneta mmoja. Maana yake ni kwamba ilihitaji watu 41 wa Jefferson kufikia uzito wa mtu mmoja wa Lowndes. Takriban robo tu ya wakazi wa Alabama waliishi katika maeneo yaliyochagua wajumbe walio wengi katika Seneti. Robo iliwatawala robo tatu, na yote hayo yaliitwa uchaguzi.

California ilikuwa na hali ya kushangaza zaidi. Huko kaunti ya Los Angeles, yenye watu zaidi ya milioni 6, ilichagua seneta mmoja, sawasawa na eneo moja la milimani lililokuwa na watu takriban 14,000. Tofauti hiyo inapita mara 400.

Tusidhani kwamba hesabu hizi ni mchezo wa wasomi. Seneti inapogawa fedha za barabara na shule, mwenye maseneta wengi hula kwanza. Mtoto wa Birmingham alikaa katika darasa lililojaa kwa sababu ya tarakimu hizo.

4. Je, mkulima wa Lowndes alilindwa?

Waliotetea mpangilio huo walikuwa na hoja iliyosikika vizuri masikioni. Walisema kwamba mji una nguvu nyingi za fedha na magazeti, hivyo ni haki kwamba watu wa mashamba wapewe ulinzi katika baraza la juu. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, nasi tutairudia. Lakini kwanza tuulize: ni nani hasa aliyelindwa pale Lowndes?

Karibu wanne kati ya watano wa wakazi wa kaunti ile walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wakulima maskini waliolima ardhi ya wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1965 hapakuwa na hata mmoja wao aliyeandikishwa kupiga kura. Walizuiwa kwa vitisho, kwa kufukuzwa katika mashamba na kwa mitihani ya kusoma iliyotungwa ili washindwe. Hivyo watu hao walihesabiwa ili kaunti ipate seneta, kisha wakafungiwa mlango siku ya kumchagua. Kiti kilichodaiwa kuwa cha mkulima kilikuwa mikononi mwa wenye ardhi wachache. Uzito wa kura uliochukuliwa kutoka mjini haukumfikia maskini wa shambani. Uliishia kwa bwana wake.

Hapa ndipo tunapopata fundisho la kwanza. Mtu anapodai uzito wa ziada wa kura kwa jina la wanyonge, tumuulize kama wanyonge hao wenyewe wanapiga kura, na kama seneta huyo anawajibika kwao. Mara nyingi jina la maskini hutumika kama ngozi ya kondoo.

Haki ya kupiga kura katika Lowndes ililipiwa kwa damu. Maandamano kutoka Selma hadi Montgomery ya Machi 1965 yalipita katika kaunti hiyo, na usiku wa siku yalipomalizika, tarehe 25 Machi, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, aliuawa kwa risasi barabarani humo. Tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, mjini Hayneville, mseminari wa Kanisa la Kiepiskopali, Jonathan Daniels, aliuawa kwa bunduki alipomkinga msichana mweusi aliyelengwa. Padre Mkatoliki kutoka Chicago, Richard Morrisroe, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa risasi mgongoni akanusurika. Aliyefyatua risasi aliachiliwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa wazungu. Ndugu, wapo wanaosema kwamba mambo ya kura si ya watu wa Kanisa. Waende Hayneville wakayaseme hayo.

5. Hukumu ya mwaka 1964

Kabla ya damu hiyo kumwagika, kesi ya mgawanyo wa viti ilikuwa imekwisha kufika mahakamani. Wananchi kadhaa wa Birmingham, akiwamo M. O. Sims ambaye jina lake limebaki katika kesi hiyo, walifungua mashtaka mwaka 1961. Hawakuwa wakuu wa serikali. Walikuwa raia waliochoka kupimiwa pungufu. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika kesi iliyotoka Tennessee, kwamba mahakama zina mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya namna hiyo. Tarehe 15 Juni 1964 ikatoa hukumu juu ya Alabama: majaji 8 kwa 1 waliamua kwamba mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo, pamoja na Seneti, lazima yachaguliwe kwa kufuata idadi ya watu.

Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge huwakilisha watu, wala si miti wala eka za ardhi. Inafaa tujue kwamba huyuhuyu, alipokuwa gavana wa California, aliutetea mgawanyo wa Seneti ya jimbo lake uliotoa kiti kimoja kwa Los Angeles yote. Alipokaa katika kiti cha hukumu aliitazama haki ya mtu mmoja mmoja, akaamua kinyume cha alivyotetea zamani. Kwa maoni yetu hilo ni la kumpa heshima.

Jaji John Harlan peke yake alipinga. Aliona kwamba Katiba haikuipa mahakama kazi hiyo, na kwamba mambo ya mgawanyo wa viti yaachiwe wananchi na wabunge wao. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, lakini tujiulize: wananchi wa Birmingham wangetumia njia gani? Wangewaomba maseneta waliopata viti kwa dhuluma wajinyang'anye viti hivyo? Walikuwa wameomba kwa miaka 60. Mlango unapofungwa kwa ndani na aliyeingia kwa hila, aliye nje hana budi kumwita mwenye nyumba.

Siku hiyohiyo mahakama iliamua pia kesi ya Colorado, nayo ni ngumu zaidi. Huko wananchi wenyewe, kwa kura yao ya mwaka 1962, walikuwa wameukubali mpango uliowapa watu wa maeneo yenye wakazi wachache uzito mkubwa katika Seneti, na waliukubali katika kila kaunti. Hata hivyo mahakama, kwa kura 6 kwa 3, iliukataa. Sababu yake ni kwamba usawa wa kura ni haki ya kila mtu, na haki ya mtu haiondolewi kwa kuwa walio wengi wameridhika iondolewe. Sisi tunaiunga mkono sababu hiyo. Kama wengi wakikubaliana kumnyima jirani yao sehemu ya urithi wake, makubaliano yao hayageuzi wizi kuwa haki.

Hukumu hiyo ilipingwa vikali. Seneta Everett Dirksen wa Illinois alijaribu kuleta marekebisho ya Katiba ili majimbo yaruhusiwe kuligawa baraza moja kwa kufuata ardhi au mambo mengine. Mwaka 1965 marekebisho hayo yalipata kura 57 dhidi ya 39 katika Seneti ya taifa, yakashindwa kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika. Yakashindwa tena mwaka 1966. Wakati huohuo majimbo yaligawa viti upya, na anga halikuanguka.

6. Na wale walio wachache na walio mbali?

Tumeahidi kuirudia hoja ya watu wa mashamba. Hofu yao ni ya kweli. Aliye mbali na mji mkuu husahaulika kwa urahisi, barabara yake hutengenezwa mwisho, na daktari hufika kwake akiwa amechoka. Swali ni namna ya kumlinda. Tunaona kwamba ulinzi wake upo katika serikali za mitaa zenye nguvu, katika sheria inayolazimisha mgawo wa haki wa fedha na huduma, na katika haki za msingi ambazo wengi hawawezi kuzifuta. Haupo katika kuizidisha kura yake mara 41, kwa maana dawa hiyo humpa mmoja afya kwa kumtoa mwingine damu.

Wasomaji wetu wa Kenya watauliza: mbona Seneti yetu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa kwa kila kaunti, na Nairobi, iliyokuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya mwaka 2019, iko sawa na Lamu yenye watu 143,920? Swali ni zuri. Jaji Warren naye alikabiliwa na swali la namna hiyo, kwa kuwa Seneti ya taifa la Marekani ina maseneta wawili kwa kila jimbo, kubwa au dogo. Alijibu kwamba majimbo yalikuwa yakijitawala kabla ya kuungana, na usawa wao ulikuwa sharti la muungano wenyewe, ilhali kaunti za ndani ya jimbo hazikuwa kamwe na enzi yao. Kwa Kenya jibu ni la namna nyingine. Katiba ya mwaka 2010 iliiweka Seneti mahsusi ili ilinde kaunti na serikali zake, na ikaliachia Bunge la Taifa, ambalo maeneo yake ya uchaguzi hukadiriwa kwa idadi ya watu, sehemu kubwa ya mamlaka. Hata huko Katiba imeweka kikomo: eneo la mji au lenye watu waliotawanyika lisipite tofauti ya asilimia 40 na kiwango cha wastani, na mengine yasipite asilimia 30.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kila baraza lisilofuata hesabu ni dhuluma. Tunasema kwamba anayetaka kuuacha usawa wa kura ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu, aitoe hadharani, na sababu hiyo iwe ni mafao ya wote. Uzembe si sababu. Kutaka kubaki madarakani si sababu.

7. Usawa wa hesabu hautoshi

Tusije tukadhani kwamba mwaka 1964 kila kitu kilipona. Hukumu iliondoa tofauti ya hesabu, lakini yule mnyama wa Massachusetts alibaki hai. Maeneo mawili yanaweza kuwa na idadi sawa kabisa ya watu, na bado mipaka ikachorwa ili wapinzani wasongamane katika maeneo machache, au watawanywe katika mengi wasipate hata moja. Tarehe 27 Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, iliamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuhukumu mipaka iliyochorwa kwa kupendelea chama. Mlango huo wa mahakama ukafungwa, wananchi wakatafuta mingine.

Michigan waliitumia kura ya maoni. Raia wa kawaida walikusanya saini zaidi ya 400,000, na mwaka 2018 takriban asilimia 61 ya wapiga kura wakakubali kwamba mipaka ichorwe na tume ya raia 13: wanne wa chama kimoja, wanne wa chama cha pili na watano wasiofungamana na chama. Kwa ramani ya tume hiyo, mwaka 2022 chama cha Democratic kilipata wingi katika Seneti ya jimbo, viti 20 kati ya 38, kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Hata hivyo, Desemba 2023 mahakama ya shirikisho ilikataa maeneo 13 ya jiji la Detroit na jirani zake, yakiwamo sita ya Seneti, kwa kuwa yalichorwa kwa kuangalia mno rangi ya watu, nayo yakalazimika kuchorwa upya. Basi tume ya raia nayo inaweza kukosea. Tofauti ni kwamba kosa lake lilikuwa hadharani na lilisahihishika.

Wisconsin walipitia mahakama ya jimbo lao. Desemba 2023 mahakama hiyo iliamuru ramani mpya, na mwezi Februari 2024 gavana alitia sahihi ramani zilizopitishwa na Bunge. Katika Seneti hiyo yenye viti 33, chama cha Republican, kilichokuwa na viti 22, kilibaki na 18 baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, ingawa ni takriban nusu tu ya viti iliyopigiwa kura mwaka huo. Hatusemi hayo kwa kukipenda chama hiki na kukichukia kile. Vyama vyote viwili vimechora mipaka kwa hila pale vilipokuwa na kalamu. Tunachosema ni kwamba wingi wa kura ukibadilika, viti navyo vipate nafasi ya kubadilika.

Na Alabama? Mwaka 1974, baada ya mahakama kuagiza kwamba kila eneo lichague mjumbe wake mmoja, U. W. Clemon na Richmond Pearson wakawa watu weusi wa kwanza kuingia katika Seneti ya jimbo hilo tangu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19. Wote wawili walichaguliwa Jefferson, kaunti ileile iliyopimiwa sehemu moja ya 41.

8. Wajibu wetu

Tarehe 7 Desemba 1965, mwaka uleule wa Selma na Hayneville, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo. Hati hiyo, katika namba 75, inawakumbusha raia wote haki yao na pia wajibu wao wa kutumia kura yao kwa uhuru kwa ajili ya mafao ya wote. Wajibu huo hauanzi asubuhi ya siku ya uchaguzi. Unaanza pale tunapohesabiwa katika sensa, pale mipaka inapopendekezwa, pale ramani inapowekwa mezani ili wananchi watoe maoni, nasi hatuonekani kwa sababu kikao kinachosha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei mambo matatu. La kwanza, kila parokia ijue iko katika eneo gani la uchaguzi, lina watu wangapi, na maeneo ya jirani yana wangapi. Hesabu hizo zisomwe katika jumuiya ndogo ndogo kama tunavyosoma hesabu za mavuno. La pili, tume ya mipaka inapoita maoni, twende, na tuzungumze kwa hoja, hata kama mpaka unaopendekezwa unatupendelea sisi. Hapo ndipo haki yetu inapopimwa, maana kulalamika kwa kupunjwa ni rahisi, na kukataa kuzidishiwa ni tabia ya wachache. La tatu, tusizidharau chaguzi ndogo. Diwani, mjumbe wa baraza na seneta ambaye hatumjui ndio wanaoamua juu ya zahanati na darasa la mtoto wetu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Alabama waliuacha ufa kwa miaka 60, na ukuta walioujenga uliwagharimu watu maisha yao. Ufa wetu tuuzibe sasa, ungali mdogo. Shamba halina mdomo, mlima hauna kidole cha kutiwa wino. Wenye kura ni watu, na mbele ya sanduku hilo mwenye eka 1,000 na asiye na hata kiwanja cha kuzikiwa wanapaswa kusimama bega kwa bega, kila mmoja akiwa na kura yake moja yenye uzito uleule.